James Siang'a: Kipa wa Kenya aliyewafunza majirani kulinda lango

MWEZI Agosti mwaka 2003, jijini Cairo, kiungo wa Simba ya Dar es Salaam, marehemu Christopher Alex, aliuweka mpira kwenye alama ya penalti akifahamu kwamba mkwaju huo ungewavua Zamalek wa Misri taji la klabu bingwa barani Afrika. Aliufunga. Simba wakashinda kwa mikwaju 3-2, mabingwa watetezi wakaaga mashindano mbele ya umati wao wenyewe, na jijini Dar es Salaam mitaa ya Msimbazi ikakesha.

Kwenye benchi la Simba aliketi Mkenya. Jina lake James Siang'a, mlinda lango wa zamani wa Gor Mahia na Harambee Stars, mtu ambaye ujana wake wote wa kandanda aliumaliza katikati ya milingoti miwili. Miaka 13 baadaye, Septemba 2016, Siang'a alifariki dunia Bungoma, magharibi mwa Kenya. Tanzania ilimlilia pengine kuliko nchi yake mwenyewe, na mwenye kutafuta sababu hana haja ya kwenda mbali: hadi msimu wa 2024/25 hakuna klabu yoyote ya Kenya iliyowahi kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika tangu hatua hiyo ianzishwe mwaka 1997. Mkenya alifika huko. Alifika akiwa amevaa rangi nyekundu za majirani.

Kisa cha Siang'a kinastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu kinagusa kazi isiyofahamika vyema hata na mashabiki wanaokwenda uwanjani kila Jumapili, nayo ni kazi ya mkufunzi wa ulinzi. Mfungaji wa mabao hubebwa mabegani. Jina la beki hukumbukwa siku anapokosea. Na yule aliyempanga beki mahali pake, akamwambia asogee hatua mbili kushoto, huyo hatajwi kabisa.

Siang'a alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Cameroon mwaka 1972, mara ya kwanza kwa taifa hili kushiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kenya ilifungwa 2-1 na wenyeji, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Mali na sare nyingine kama hiyo na Togo. Ilirejea nyumbani bila ushindi. Hata hivyo, mwenye kuyasoma matokeo hayo kwa jicho la mlinzi ataona jambo jingine: katika mechi tatu, Kenya haikufungwa zaidi ya mabao mawili katika mechi yoyote, na mechi pekee iliyopotea ilipotea kwa tofauti ya bao moja. Ingekuwa miaka 16 kabla ya Harambee Stars kurudi katika fainali hizo, mwaka 1988 nchini Morocco.

Kwa nini kipa awe mkufunzi? Swali hili huulizwa kwa dhihaka katika vijiwe vya kandanda, kana kwamba mlinda lango ni mchezaji nusu. Ukweli ni kinyume. Kati ya wachezaji 11, kipa ndiye peke yake anayeutazama mchezo wote ukiwa mbele yake muda wote. Mshambuliaji huliangalia lango la adui na kuwapa mgongo wenzake. Kiungo huzunguka, mara ameelekea huku, mara kule. Beki humwangalia mtu wake. Kipa husimama nyuma ya wote na kuona pengo kabla halijawa pengo: beki wa kulia aliyechelewa kurudi, kiungo mkabaji aliyevutwa pembeni, mshambuliaji mgeni anayejipenyeza nyuma ya beki wa kati. Kwa hivyo hupaza sauti. Kipa asiyesema si kipa. Miaka kumi ya kupaza sauti namna hiyo ni shule tosha ya ukocha, ingawa haitoi cheti.

Dino Zoff, kipa wa Italia aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 1982, aliifikisha nchi hiyo fainali ya Euro 2000 akiwa kocha. Makipa waliofika daraja hilo si wengi, na upungufu huo umewafanya watu waamini kwamba haiwezekani.

Baada ya kuvua glavu, Siang'a alishika njia ya ukufunzi. Aliifundisha Gor Mahia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa amekabidhiwa Harambee Stars yenyewe. Kazi hiyo ya timu ya taifa ilikuwa na sifa zake katika kipindi hicho, na hasa sifa ya kutodumu. Uongozi wa kandanda nchini ulikuwa ukivutana kila msimu, makocha wakija na kuondoka kama abiria wa matatu, na mivutano hiyo ndiyo iliyokuja kuifanya FIFA iifungie Kenya mwaka 2004, kisha 2006, kisha tena 2022. Mkufunzi mwenye mipango ya miaka mitatu hakuwa na pa kuipandia mbegu yake. Siang'a alivuka mpaka.

Nchini Tanzania alipokelewa na Simba, na baadaye alipewa pia dhamana ya kuifundisha Taifa Stars. Simba ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa na vijana wenye vipaji, na miongoni mwao kipa mmoja mdogo wa umbo, Juma Kaseja, ambaye wengi walidhani ni mfupi mno kwa kazi ile. Mbele yake walisimama mabeki wa kati Boniface Pawasa na Victor Costa. Katikati alikuwapo nahodha Selemani Matola, pamoja na Christopher Alex. Kwa mtu aliyekuwa kipa, uti wa mgongo wa namna hiyo, kipa, mabeki wa kati wawili na viungo wawili mbele yao, ndio nyumba yenyewe. Madirisha na rangi huja baadaye.

Njia ya Simba mwaka 2003 haikuwa ya maua. Ili kukutana na Zamalek iliwabidi kwanza waitoe Santos ya Cape Town, klabu ya ligi iliyokuwa na fedha kuizidi ya Tanzania mara nyingi. Waliitoa kwa mikwaju ya penalti. Kisha wakapangwa na mabingwa watetezi, waliokuwa wamelitwaa taji mwishoni mwa 2002 kwa kuishinda Raja Casablanca ya Morocco.

Hapa inafaa kusimama na kueleza hesabu ya mikondo miwili, kwa sababu ndani ya hesabu hiyo ndimo ulinzi unapogeuka kuwa silaha. Timu mbili hukutana nyumbani na ugenini, mabao hujumlishwa. Yakilingana, bao lililofungwa ugenini lilikuwa na uzito zaidi kwa mujibu wa kanuni za wakati huo. Maana yake ni kwamba kwa timu inayoanzia nyumbani, kosa kubwa kabisa si kukosa kufunga mabao mengi, bali ni kuruhusu bao moja. Timu inayoshinda 3-1 nyumbani imeshinda kwa mabao mawili, lakini imeacha mlango wazi: kufungwa 2-0 ugenini kunatosha kuitupa nje. Inayoshinda 1-0 imeshinda kwa bao moja tu, lakini imemnyima mgeni ufunguo.

Simba ilishinda 1-0 jijini Dar es Salaam.

Mashabiki wengi waliondoka uwanjani siku hiyo wakinung'unika kwamba bao moja halitoshi kwa safari ya Cairo. Kwa jicho la kipa, hata hivyo, matokeo yaliyokuwa na thamani zaidi siku hiyo ni sufuri ya upande wa pili. Zamalek walilazimika kutafuta mabao mawili nyumbani ili wavuke moja kwa moja, na endapo Simba ingepata moja tu ya kuvizia, Wamisri wangehitaji matatu. Timu inayolazimika kufunga mabao mawili hupandisha mabeki wake wa pembeni. Ikishawapandisha, huogopa kushambuliwa kwa nyuma. Hofu hiyo humpunguzia mshambuliaji wake kasi. Mambo haya hayaonekani kwenye ubao wa matokeo.

Mchezo wa marudiano uliisha kwa Zamalek kushinda 1-0. Jumla ikawa 1-1, na kwa kuwa mashindano ya Afrika hayakuwa na muda wa nyongeza katika raundi za mikondo miwili, timu zilikwenda moja kwa moja kwenye penalti. Katika hali hiyo timu iliyojihami kwa dakika 90 ina faida moja ya siri, nayo ni kwamba kipa wake ameshughulika mchana kutwa. Amedaka, amepangua, ameusikia mpira mikononi. Kipa wa timu iliyokuwa ikishambulia amekaa baridi. Kaseja alikuwa moto. Mikwaju ikaisha 3-2.

Simba ikawa klabu ya pili ya Tanzania kufika hatua ya makundi, baada ya Yanga mwaka 1998. Ikapangwa na Enyimba ya Nigeria, Ismaily ya Misri na ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Uzito wa kundi hilo unapimwa kwa jambo moja: fainali ya mwaka huo iliwakutanisha Enyimba na Ismaily, wote wawili wakitoka humo. Simba waliwafunga Enyimba, waliokuja kuwa mabingwa, pale Dar es Salaam. Ugenini maji yalizidi unga na nusu fainali hawakuiona. Iliwachukua Wekundu wa Msimbazi hadi msimu wa 2018/19 kuirudia hatua ile, wakati huo wakiwa na bajeti ambayo Siang'a asingeiota.

Kuna nchi moja ambako mkufunzi wa ulinzi hakai kivulini, nayo ni Marekani. Kulinganisha si kwa kujifurahisha tu. Kunasaidia kuona kazi hii ni nini hasa inapopewa ofisi, jina na mshahara wake.

Katika kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mpira wa mviringo wa yai na kofia ngumu, kila timu ina majeshi mawili yasiyochanganyika. Jeshi la kushambulia lina wachezaji wake 11, na jeshi la kujihami lina 11 wengine kabisa. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne kusogea yadi 10. Ikifaulu, huendelea, ikishindwa, huukabidhi mpira. Kila jaribio ni vita kamili vya sekunde chache, kisha kila kitu husimama na kupangwa upya. Katika mapumziko hayo mafupi, mkufunzi wa ulinzi hukisia adui atafanya nini na kutuma amri: nani akimbilie mbele, nani arudi nyuma, nani ajifanye anakuja kumbe haji. Tangu mwaka 2008 ligi ya NFL inaruhusu amri hiyo ipitie redio iliyofichwa ndani ya kofia ya mlinzi mmoja. Mkufunzi wa kandanda yetu huandaa wiki nzima halafu hubaki akipiga kelele pembeni mwa uwanja bila kusikika. Mwenzake wa Marekani husema mara sitini kwa mechi moja, na husikika kila mara.

Mfano bora wa kazi hiyo ni Dick LeBeau. Alizaliwa mwaka 1937 katika mji mdogo uitwao London, jimbo la Ohio. Cleveland Browns walimchagua mwaka 1959, kisha wakamwacha kabla hajacheza mechi yoyote ya ligi. Detroit Lions wakamwokota. Alicheza hapo misimu 14 kama mlinzi wa nyuma pembeni na kunasa pasi 62 za wapinzani, idadi ambayo hadi leo iko miongoni mwa kubwa kabisa katika historia ya ligi hiyo. Kama kipa, mlinzi wa nafasi ile huutazama mchezo ukimjia.

Alianza ukufunzi mwaka 1973 na Philadelphia Eagles, na hakuacha hadi mwisho wa msimu wa 2017 akiwa Tennessee Titans, umri wake ukiwa miaka 80. Ukijumlisha na miaka ya kucheza, misimu yake katika NFL inapindukia hamsini bila pengo la kueleza.

Sifa yake kubwa ilizaliwa Cincinnati katikati ya miaka ya 1980. Washambuliaji wa wakati huo walikuwa wamegundua mbinu ya kurusha pasi fupi za haraka, na walinzi waliokimbia mbele kumkaba kotabeki, yaani yule mgawaji mpira, waliacha uwazi nyuma yao. Ilikuwa kamari: ama umkamate, ama ufungwe. LeBeau alitafuta namna ya kushambulia bila kucheza kamari. Jawabu lake, lililokuja kuitwa blitzi ya kanda, lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza. Mtu ambaye adui hamtarajii ndiye anayekimbia mbele, na mlinzi mzito wa mstari wa mbele, ambaye kazi yake siku zote ni kusukumana, hurudi nyuma kuziba mahali palipoachwa wazi. Kotabeki huona mlinzi akija kutoka kulia, hurusha mpira upande alikotoka mlinzi huyo akidhani ni tupu, na hukuta jitu la kilo 120 limesimama hapo likiusubiri.

Dunia nzima iliiona mbinu hiyo ikizaa matunda tarehe 1 Februari 2009 katika Super Bowl, Pittsburgh Steelers wakicheza na Arizona Cardinals. Sekunde za mwisho kabla ya mapumziko, Cardinals wakiwa mlangoni kabisa, James Harrison alitarajiwa kukimbia mbele. Badala yake alirudi nyuma, akanasa pasi, akakimbia yadi 100 hadi upande wa pili na kufunga. Steelers walishinda 27-23. Tanbihi kwa wasomaji wa huku: fainali hiyo huanza saa nane na nusu za usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa za Afrika Mashariki, na hiyo ni sababu mojawapo kwa nini mchezo huu haujapata mizizi kwetu.

Lakini LeBeau alipopewa kiti cha kocha mkuu, pale Cincinnati kati ya 2000 na 2002, alishinda mechi 12 na kupoteza 33. Aliteremka tena kuwa msaidizi na akarudi kuongoza ulinzi, Pittsburgh, ambako alitwaa mataji mawili ya Super Bowl. Wamarekani hawakuona aibu katika hilo. Wala hawakuona ajabu mwaka 1986, wachezaji wa Chicago Bears walipomnyanyua mabegani kocha wao mkuu, Mike Ditka, na wengine kando yao wakamnyanyua Buddy Ryan, aliyesimamia ulinzi tu. Huko mtu anaweza kuwa hodari wa nusu ya mchezo na akaheshimiwa kwa nusu hiyo. LeBeau alipoingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo mwaka 2010, ingawa aliingizwa kama mchezaji, wachezaji aliowafundisha ndio waliokuwa wamepiga kampeni kwa miaka.

Watu wa Afrika Mashariki nao wamegusa ulimwengu huo, na kwa bahati karibu wote upande wa kujihami. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alikuwa mlinzi wa New York Giants waliotwaa ubingwa mwaka 2008 na 2012. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, akawekwa miongoni mwa walinzi wa pembeni. Mkufunzi wa ulinzi kutoka kwetu bado hajapatikana huko.

Tofauti kati ya Siang'a na LeBeau basi si ya akili. Wote wawili walitoka nyuma ya uwanja, wote waliona mchezo ukiwajia. Tofauti ni kwamba mmoja aliikuta kazi yake imekwisha kuundwa, ina cheo na ina njia ya kupanda, kutoka mkufunzi wa walinzi wa nyuma hadi mkuu wa ulinzi wote. Mwingine aliifanya kazi hiyohiyo akiwa peke yake, pamoja na kazi ya kocha mkuu, ya mshauri wa vijana, na mara nyingi, kama kila kocha wa klabu za Afrika Mashariki anavyofahamu, kazi ya kuwaomba viongozi posho za wachezaji. Klabu zetu huajiri msaidizi mmoja na kocha wa makipa, basi. Mafunzo ya ulinzi hubaki kuwa kauli moja inayosikika kila uwanja: rudi nyuma!

Kwa ajili hiyo barabara inayoteremka kutoka Kitale, ikapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye na kuishia Bungoma, ina uzito katika habari hii. Ukanda huu umelisha michezo ya Kenya kwa miaka mingi. St Anthony's ya Kitale, inayojulikana kwa jina la Solidarity, imejijengea sifa katika kandanda na magongo ya shule za sekondari. Friends School Kamusinga, upande wa Kimilili, ni jina linaloogopwa kwenye magongo. Bungoma imekuwa na Nzoia Sugar, timu ya kiwanda cha sukari iliyopanda hadi ligi kuu, na uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi uliojengwa upya na kutumika kwa sherehe za Madaraka za mwaka 2024.

Wenyeji wa ukanda huu wakiulizwa wanaujivunia kwa nini, watataja wafungaji. Lakini shule zinazofika fainali za kitaifa mara kwa mara hazifiki huko kwa wafungaji peke yao, kwa maana mfungaji humaliza kidato cha nne akaondoka. Linalobaki ni mazoea. Mwalimu wa michezo anayejua kupanga mabeki wanne wasimame kwenye mstari mmoja anaweza kuwafunza mabeki wengine wanne kila mwaka. Mashindano ya shule huchezwa mechi nyingi ndani ya siku chache, wachezaji wakiwa na uchovu, na timu iliyochoka hupoteza kwanza uwezo wa kufunga. Uwezo wa kujipanga hupotea mwisho, endapo uliwahi kufundishwa. Magongo nayo, mchezo ambao Kitale na Kamusinga wameupenda, hufunza jambo hilohilo: mpira ni mdogo, una kasi, na mlinzi anayeukimbilia badala ya kulinda njia yake huachwa amesimama.

Vyeti vya ukufunzi vya Shirikisho la Kandanda Afrika, kuanzia daraja D hadi A, vinatolewa nchini kwa vipindi, na walimu wengi wa ukanda huu wanavitafuta kwa gharama zao. Vyeti hivyo humfundisha mtu ukocha mzima. Anayetaka kubobea katika ulinzi hana darasa lake, wala klabu itakayomlipa kwa ubobezi huo. Kwa mwalimu kijana wa Kitale mwenye jicho la kipa, njia iliyoko mbele yake haijabadilika sana tangu ile aliyoiona Siang'a: awe kila kitu, au avuke mpaka.

Siang'a alipofariki, magazeti ya Dar es Salaam yaliirudia mechi ya Zamalek kwa kina, bao kwa bao na mkwaju kwa mkwaju. Christopher Alex alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla yake.

Kaseja aliendelea kudaka. Tarehe 4 Agosti 2019, akiwa na umri ambao makipa wengi wameshastaafu, alisimama langoni mwa Tanzania katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, mechi ya kufuzu kwa michuano ya CHAN. Mkondo wa kwanza Dar es Salaam ulikuwa umeisha 0-0. Wa pili nao ukaisha 0-0. Zikapigwa penalti, Kaseja akaokoa mkwaju, na Tanzania ikaitoa Kenya kwa 4-1.